Tangi Jeupe

Kila aliyeingia uani kwangu baada ya mume wangu kuzikwa aliipa pole pikipiki kabla hajanipa mimi. Walisimama mlangoni pa banda, wakatikisa kichwa, wakasema pikipiki ya mzee imebaki yatima. Ndipo wakageuka kuniuliza kama nimekula. Mwanzoni niliwajibu kwa adabu kwamba ni yangu. Wakatabasamu, wakasema ndiyo mama, sasa vyote ni vyako. Nikaacha kujibu, maana nilikuwa nimebakiza kidogo tu kumjibu mtu kwa mwiko.

Pikipiki ile ni yangu. Nalisema mapema ili msomaji naye asije akatikisa kichwa. Nililetwa Kasulu kutoka Iramba nikiwa nesi kijana, nikapangiwa kazi ya chanjo vijijini, na pamoja na kazi nikakabidhiwa pikipiki ya idara, ndefu, yenye moshi mwingi na tangi jeupe. Dereva wa idara alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, akiwa na hakika kwamba nitaanguka. Nilianguka. Siku iliyofuata nikaenda nayo Makere. Nimeipitisha Kagerankanda masika, barabara ikiwa uji. Nimeipandisha hadi Munanila, ambako baridi ya asubuhi huganzisha vidole mpaka klachi unaishika kwa kukisia. Nyuma nilifunga kisanduku cha barafu chenye dawa za chanjo. Watoto walilijua tangi lile. Wakiliona linang'aa kwa mbali walikimbilia migombani, na mama zao wakawafuata huko huko kuwakamata.

Idara ilipopata pikipiki mpya, hii ikapigwa mnada pamoja na vitanda vibovu na friji zilizokufa. Nikainunua kwa mshahara wangu. Kadi ina jina langu, na hakuna aliyewahi kubishana na kadi. Watu hawaendi kusoma kadi. Wanatazama kinachopita barabarani, na kwa miaka mingi kilichopita barabarani kilikuwa pikipiki nyekundu, mwanamume mbele, mwanamke nyuma.

Mwanamume huyo alikuwa mwalimu, mtu wa Kibondo, mpole, mwenye sauti nene iliyobeba kwaya nzima. Nilimpenda, na bado nampenda, na bado nina hasira naye. Vyote vitatu ni kweli. Tulipokuwa wachumba mimi ndiye niliyempakia. Alikaa nyuma na madaftari ya wanafunzi kwapani, akashika chuma cha kubebea mizigo. Mimi hakunishika hata siku moja, hata kwenye makorongo. Nilimwambia ashike kiuno changu, atadondoka. Akasema yuko sawa. Vijana wa kijiweni pale sokoni walipiga miluzi wakisema mwalimu kabebwa kama mbuzi wa mahari. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, na sikutilia maanani.

Tulipokuwa tumeshaoana, nilikwenda Kigoma mjini kwenye semina. Niliporudi nikaikuta pikipiki imekuwa nyekundu. Alikuwa ameipaka kwa brashi, rangi ya mafuta ya kupakia madirisha, mpaka kwenye bolti, mpaka juu ya kioo cha taa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema nyeupe inaonyesha vumbi. Vumbi la Kasulu ni jekundu, ni kweli, lakini vumbi lile lile alilikuta siku zote na halikumkera. Jumapili akaitoa, akakaa mbele, akanambia, "Panda." Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na mtu mwenye mizigo ya namna hiyo hasimami barabarani kugombania rangi. Nikapanda. Tangu siku ile ikaitwa pikipiki ya mwalimu, baadaye pikipiki ya mzee, na mimi nikawa mama anayeletwa kanisani.

Basi. Msiba ulipokaribia kumalizwa, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akanipigia simu kutoka Kibondo. Alizungumza vizuri, siwezi kusema nilitukanwa. Akaniuliza hali, akauliza mvua, kisha akaniambia siku ya kumaliza msiba ukoo utagawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi, na kwamba wameshakubaliana pikipiki aichukue mwanawe wa kwanza, anayerithi jina la baba yake mkubwa. Atatuma gari kuifuata. Nikamwambia asitume gari, nitaileta mwenyewe. Akashukuru. Nikakata simu.

Siku hiyo hiyo nikaingia bandani na msasa.

Ningeweza kwenda Kibondo na kadi mkononi. Watoto wangu, ambao wako mbali na kazi zao, walinishauri hivyo kwenye simu. Lakini nilijua kitakachotokea: kadi ingepita mkono hadi mkono, mtu angesema marehemu alimwandikisha mkewe kwa mapenzi, wanawake wangepiga vigelegele, na pikipiki ingeondoka. Mimi nilitaka waione. Nilitaka watu wa umri wangu walitazame tangi lile na wakumbuke lilikuwa likiletwa na nani.

Kuvua rangi ni kazi ya hasira, na mimi hasira nilikuwa nayo ya kutosha. Nilifungua tangi, madigadi na vifuniko vya pembeni, nikavipanga juu ya meza ya kuanikia vyombo. Rangi ya mume wangu haikuwa na msingi chini yake. Mahali pengine ilibanduka kwa kucha kama ganda la muhogo uliochemka, mahali pengine ilishika kwa ukaidi, na kila nilipoona michirizi ya brashi yake nilimsema kwa sauti. Hata kupaka hukujua, nikamwambia. Uliona haya ya mke, hukuona haya ya kazi mbovu? Jirani alichungulia juu ya ua, akaniambia mama, hasira hasara. Nikamwambia hasara nimeshaipata, hasira ndiyo faida yake. Nikalowesha msasa, nikaendelea kwa mviringo, maji mekundu yakitiririka mpaka kwenye viatu, na mara pembeni mwa kifuniko cha mafuta jeupe likachungulia. Nilikaa chini. Nililia kidogo, kwa hasira, halafu nikaendelea.

Mama mkwe alikuwa ameketi kibarazani. Aliletwa kwangu baada ya mazishi kwa sababu kwangu kuna umeme na zahanati iko karibu, na kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea kumchukua. Mwanamke mwembamba, mzee sana, mwenye chupa yake ya mawese ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuisogeza. Huku kwetu mawese ni mboga, ni dawa ya kifua, ni mafuta ya kumpaka mtoto. Hata jembe likipumzishwa kiangazi hupakwa mawese lisishike kutu. Alinitazama nikisugua, akauliza, "Unaivua nguo kwa nini?" Nikamjibu kwamba hiyo nguo si yake, inarudishiwa ya kwake.

Nilingoja mvua ya usiku ipige vumbi chini. Mafundi wengi wa huku wanapulizia rangi kiangazi kwa sababu jua ni kali, halafu wanashangaa rangi imekuwa kama msasa. Mimi nilipendelea asubuhi ya baada ya mvua, lakini baada ya mvua kuna kumbikumbi, nao wakiona kitu cheupe wanakiangukia kwa mapenzi yote. Kwa hiyo nikatundika vyandarua vya zamani bandani, kimoja juu ya kingine, nikakaa ndani yake kama mgonjwa wa malaria. Fundi pancha wa jirani aliniazima mashine yake ya upepo. Bunduki ya kupulizia niliipata kwa mchora vibao. Nilipaka praima ya kijivu, ikakauka vizuri, nikaisugua kwa msasa laini mpaka kiganja kikateleza juu yake bila kukwama. Nikaliacha tangi mezani palepale nikaenda kunywa chai na kuchanganya rangi.

Nilipopuliza mkono wa kwanza, rangi ikakataa. Sijui niseme vipi kwa asiyewahi kuona. Ilitua kwenye tangi, ikajivuta, ikakimbia huku na huku na kuacha matundu ya mviringo, kama maziwa yaliyokatika kwenye chai. Nikadhani ni maji kwenye mpira wa upepo. Nikasimamisha mashine, nikainama kunusa. Mawese.

Nilitoka na barakoa usoni nikamkuta kibarazani na chupa yake. Nilipaza sauti. Nilimwambia mafuta na rangi havikai nyumba moja, kazi yote nimeipoteza, aache kugusa asichokijua. Aliinamisha kichwa akanitazama miguu. Niliamini amefanya kwa wema, kama anavyopaka jembe, na jambo hilo lilinikasirisha zaidi, kwa kuwa wema huwezi kuugombeza mpaka ukatosheka. Nikarudi bandani. Nikaosha kwa petroli, nikaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua tena mpaka kwenye bati, nikarudia praima. Mikono ilipasuka kwenye vifundo.

Thina ya kuchanganyia rangi ikaniishia. Nikafunga vyandarua, nikamwambia mama mkwe, polepole safari hii, nikimweleza kila kitu kama ninavyomweleza mama mjamzito, kwamba tone moja la mawese linatosha kuharibu, kwamba rangi haitashika kabisa. Akaitikia, "Ego, nimesikia." Nikaenda dukani. Nilipokaribia kurudi nikakumbuka nimesahau mfuko wa thina juu ya kaunta, nikageuka, nikaufuata. Kwa hiyo nilichelewa, na yeye alikuwa na muda.

Nilimkuta ndani ya chandarua. Alikuwa amepiga magoti, kitambaa mkononi, analipaka tangi taratibu, kila mahali, hasa pembeni pale jeupe lilipoanzia kuchungulia. Alipaka kama anayemwogesha mtoto, bila haraka. Hapo nikaelewa kwamba hajakosea, wala mara ya kwanza hakukosea. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba tone moja linatosha.

Nilimuuliza kwa nini. Sikupaza sauti, na aliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

"Walimcheka mwanangu," akasema. "Alikaa nyuma ya mwanamke, wakamcheka mpaka Kibondo. Sasa amekufa. Unataka wamcheke na kaburini?"

"Na mimi, mama?"

"Wewe uko hai," akasema. "Mtu aliye hai anajitetea."

Nilimtoa kwa kumshika mkono, nikamkalisha kibarazani, nikaichukua ile chupa, nikaifungia kabatini. Tangu hapo hatukuzungumza. Nilimpikia, nikampa dawa yake ya presha, nikamtandikia kitanda, yote bila neno. Usiniambie ningemhurumia. Nilimwona ni mtu aliyepima heshima ya mwanawe kwa upande mmoja na maisha yangu kwa upande mwingine, kisha akachagua bila hata kuuliza bei. Nikalisugua tangi kwa mara nyingine, nikalifungia chumbani kwangu likikauka, na lilipopulizwa rangi nilikaa mwenyewe mlangoni mpaka ikashika. Ilishika vizuri. Nyeupe, laini, bila tundu, bila kumbikumbi hata mmoja. Juu yake nikapuliza vanishi. Nilipounganisha kila kitu na kuitoa juani, nilisimama mbali nikaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilisikia njaa.

Shemeji alikuja na gari kumchukua mama yake siku moja kabla. Mimi niliondoka asubuhi, goti likiuma, nikaipiga kiki, ikakohoa, ikakubali. Barabara sasa ni lami mpaka Kibondo, na bodaboda vijana walinipita wakigeuza shingo kumtazama bibi. Makere nilisimama kupumzisha viganja. Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiuza vitunguu, alilitazama tangi kwa muda, akanitazama mimi, kisha akapeleka mkono begani kwake mwenyewe na kushika mahali pa kovu la chanjo. Akacheka mpaka akafunika mdomo. Alinisalimia, "Mwidiwe, mama," akaniambia mama yake alimvuta kutoka migombani kwa mguu. Akanipa vitunguu, akakataa kabisa nivilipie. Nilivifunga pale nyuma kilipokuwa kikikaa kisanduku cha barafu.

Kibondo walikuwa wamejaa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mimi nikiwa mjane nikawekwa mbele. Tulikula, sala ikasaliwa, na shemeji akasimama. Alitoa koti la marehemu kwa fulani, redio kwa fulani, vitabu vya nyimbo kwa kwaya. Kisha akaigeukia pikipiki, akatabasamu, akanishukuru. Alisema ukoo unatambua jinsi shemeji alivyojitoa kuipaka rangi upya ili kijana aipokee ikiwa safi. Watu wakapiga makofi.

Ninajua kinachompata mtu mpaka akaua. Nilisimama. Nikasema pikipiki ni yangu, niliinunua mwenyewe, nimeiendesha kabla sijamjua marehemu, na rangi hii si zawadi ya mtu, ndiyo rangi yake. Minong'ono ikapita kwenye mikeka. Mjomba mmoja wa ukoo akaniambia kwa upole niketi, uchungu ni mwingi, na marehemu hasemwi. Nikamwambia sijamsema marehemu, nimejisema mimi. Nikabaki nimesimama. Shemeji, ambaye si mtu mbaya, ni mtu tu aliyezoea kukubaliwa, akamgeukia mama yake aliyeketi ukutani.

"Mama, sema wewe tumalize. Pikipiki ilikuwa ya nani?"

Nilimtazama yule mzee na nilijua atakalosema. Nilikuwa nimeshapanga kutoka nje, kuipiga kiki, na kuondoka mbele ya macho yao wote, wanikamate wakiweza. Alingoja mpaka mtoto aliyekuwa analia akanyamazishwa. Alikuwa analitazama tangi kupitia mlangoni, lilivyopigwa na jua.

"Huyu alikaa mbele," akasema. "Mwanangu alikaa nyuma."

Hakuna aliyecheka. Shemeji akafungua mdomo, lakini mama yake hakuwa amemaliza.

"Ile nyekundu, mimi ndiye niliyemwambia apake. Yeye hakutaka. Alisema ni nzuri hivyo hivyo."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanamke yule alitoa mbele ya ukoo wake kitu alichokuwa amekificha kuliko hata chupa yake, na alikitoa bila kuniangalia. Lakini hasira yangu haikushuka kama watu wanavyosimulia kwenye mahubiri. Ilihama tu. Miaka yote nilidhani mume wangu alinionea haya. Kumbe aliniona mzuri hivyo hivyo, na bado akachukua brashi kwa sababu mama yake amemwambia, mtu mzima mwenye ndevu na darasa zima linalomwogopa. Asiniambie! Angeniambia, ningempaka yeye hiyo nyekundu, na tungecheka, na angenishika kiuno.

Shemeji aliketi. Mwanawe alipewa saa ya baba yake mkubwa, akaridhika zaidi, nadhani, maana pikipiki ya umri ule vijana hawaitaki. Watu walianza kuaga mapema. Nilipokuwa nafunga kilemba niondoke, nikamwona mama mkwe amesimama karibu na pikipiki na kifurushi chake cha nguo. Mkwe wake wa Kibondo, mke wa shemeji, hakuwa amemletea hata maji tangu alipoyasema yale. Akaniambia anarudi Kasulu, nimfikishe stendi apande gari. Nikaketi, nikaipiga kiki, nikangoja.

Alipanda kwa upande kama wanavyopanda wazee wa huku, kifurushi mapajani, na mkono wake mmoja ukanyooka mbele kutafuta pa kushika. Nikaona vidole vinang'aa. Sijui mawese aliyapata wapi. Ya kwangu yalikuwa bado kabatini.

"Tangi usiliguse," nikamwambia. "Nishike mimi."

Akanishika, mikono yote miwili, kwa nguvu ya mtu anayeogopa kudondoka. Gauni lile nimelifua kwa kila sabuni, na alama za vidole vyake bado zipo kiunoni.